Nice, silly na rahisi

Katika kila mjadala wa maana hakosi mtu wa kusema kwamba maana halisi ya neno ni asili yake. Toleo hili linaikataa hoja hiyo, na shahidi wake ni kivumishi cha Kiingereza: nice.

Babu yake ni nescius wa Kilatini, yaani asiyejua. Kifaransa cha Kale kilimwita hivyo mpumbavu, na Kiingereza kikalipokea neno kwa maana hiyohiyo karibu na mwaka 1300. Kisha likahamia kwa mwenye haya, kwa mchaguzi wa vyakula na mavazi, kwa jambo lililopimwa kwa makini. Karne ya 18 likawa la kupendeza. Katika Northanger Abbey, riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817, Jane Austen anamwonyesha Henry Tilney akimkosoa Catherine Morland kwa kulitumia ovyo. Tilney alishika maana ya zamani. Wasemaji walikwisha kuhama.

Silly limekwenda kinyume. Zamani lilikuwa mwenye heri, kama alivyo hadi leo ndugu yake wa Kijerumani, selig. Mwenye heri akawa asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, mwisho mpumbavu. Asili ingekuwa ndiyo maana, kuitwa nice kungekuwa tusi na kuitwa silly kungekuwa baraka.

Asili ina kazi nyingine, kubwa zaidi: kuonyesha njia neno lilikopita. Kamusi ya Oxford, iliyoanza kutoka 1884 na kukamilika 1928, hupanga maana kwa nukuu zenye miaka. Kamusi za Kiswahili huweka alama ya Kiarabu kando ya “rahisi”, zikaishia hapo. Lakini rakhis ya Kiarabu ni bei nafuu. Kwa Kiswahili hata mtihani huwa rahisi. Neno lilitoka lini sokoni likaingia darasani? Jibu litafutwe katika tenzi, barua na hati za pwani, na kuzisoma kwa kusudi hilo ni deni la wanaisimu.

Makala kuhusu “maskini” katika toleo hili imeanza kulilipa deni hilo.

Toleo lijalo litapokea makala za kivumishi kimoja kimoja. Kila mwandishi aje na neno lake, nukuu yake, na mwaka wa nukuu hiyo.