Land Rover ya Baba Haiuzwi

Ndugu zangu, nimekuwa kimya wiki mbili. Sikuumwa wala sikusafiri nje. Nilikuwa nyumbani Mbulu, kwenye kikao cha ukoo kilichoitishwa kwa ajenda moja tu: Land Rover ya marehemu baba iuzwe au ibaki. Mimi nilisema ibaki. Wazee wakasema nikafikirie. Nimefikiria, na jibu ni lile lile, ila leo nitalisema lote, maana kule kila nikifungua mdomo nilikatizwa. Mtoto wa juzi akisema mbele ya wazee mnajua inavyokuwa.

Kwanza mlijue gari lenyewe. Ni Land Rover 110, injini ya 300Tdi, ya mwaka 1996. Baba aliinunua mnadani, mradi mmoja ulipofunga shughuli zake. Ilikuwa nyeupe, sasa sijui tuiite rangi gani. Mlango wa nyuma unafungwa kwa mpira wa tyubu. Oili inavuja, na fundi wetu husema siku ikiacha kuvuja ndipo tuogope, maana itakuwa imekwisha.

Baba mdogo alikuja kutoka Dar es Salaam na picha kwenye simu. RAV4 ya mwaka 2009, bado iko Japani, mpaka itoke bandarini na kodi zote ni milioni 32. Akaizungusha ile simu kwa kila mtu, hata kwa bibi ambaye haoni vizuri. "Mwanangu," akaniambia, "tuuze hilo bovu, tuongezee kidogo, mama yako apande gari jipya kama wenzake."

Shikamoo baba mdogo. Jipya?

Japani gari dogo la mtu binafsi hukaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake. Gari likizeeka mwenyewe anachoka kulipia, analiuza, linapandishwa meli kuja kwetu. Hata serikali yetu haidanganyiki kwamba ni jipya. Gari la aina hiyo likizidi miaka 10 linatozwa asilimia 30 ya ziada, ule ushuru tunaouita wa uchakavu. Yaani ndani ya hizo milioni 32 kuna fedha tunalipa kwa sababu gari limechakaa, halafu likifika tunalipokea kwa vigelegele! Kwa hiyo tusidanganyane. Mbele yetu kuna makuukuu mawili. Moja tunayajua magonjwa yake yote. La pili tunaijua picha yake.

Sasa hesabu. Baba aliacha daftari, aliandika kila senti aliyompa fundi, na mdogo wangu ameliendeleza. Nimejumlisha miaka mitano ya mwisho: klachi, shokapu, nozeli, belti ya taimingi, matairi, yote. Wastani ni milioni 2 na laki 9 kwa mwaka. Ni fedha nyingi, sikatai. Lakini tukiiuza kwa milioni 14 aliyotaja mteja wa baba mdogo, tunabaki na pengo la milioni 18, ambalo ni matengenezo ya miaka sita. Je, hiyo RAV4 itakaa miaka sita bila kuguswa na fundi? Na hizo milioni 18 nani alisema atazitoa? Niliuliza kikaoni. Watu wakaanza kuangalia kuku.

Kama wangeniambia tununue Land Cruiser mkonga, ningenyamaza. Toyota walianza kuitoa mwaka 1984 na wanaendelea nayo kwa sababu kazi yake inajulikana. Lakini bei yake ni ya mashirika na serikali, si ya mjane mwenye ng'ombe saba.

Kutoka kwa mama mpaka barabara kubwa ni kilomita 14 za udongo mweusi na korongo mbili. Aprili 2024, mvua zile mnazikumbuka, jirani yetu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Bodaboda walikataa. Ikaletwa Noah ya mfanyabiashara mmoja, ikaishia korongo la kwanza, tumbo chini. Mdogo wangu akawasha Land Rover, akafunga difu ya kati, akaweka gia za nguvu, wakapita pembeni ya ile Noah. Walitumia saa tatu kufika hospitali. Mtoto ni wa kiume, sasa anakimbia. Kikaoni hakuna aliyekumbuka kumwita yule mama.

Na injini ile haina kompyuta. Ikizima porini, mtu mwenye spana na akili ataiwasha. Hiyo nyingine taa moja ikiwaka kwenye dashibodi unatafuta mwenye mashine Arusha.

Sababu ya kweli niliijua usiku, wazee wakishalala. Desemba kuna harusi ya binamu yangu, wageni wanatoka Dar, na kuna watu hawataki Land Rover ionekane uwanja wa kanisa. Basi semeni hivyo! Msituletee habari za usalama wa mama.

Ingawa hapo kwenye usalama nitakubali jambo. Viti vya nyuma vinatazamana na havina mikanda, na watoto wa ukoo mzima hupakiwa humo. Hilo ni kosa letu, la baba pia, Mungu amrehemu. Mikanda nimeshanunua.

Wala mimi si mshabiki wa kupiga picha. Wapo walioshangilia tamasha la Land Rover Arusha Oktoba 2024 ambao hawajawahi kulala chini ya moja wakitafuta inakovuja. Mimi najua inakufa wapi. Bodi ni ya aluminiamu, haili kutu kama bati, lakini chesisi ni chuma. Defender ya zamani kiwanda kiliacha kuitengeneza Januari 2016. Spea bado zipo, ila chesisi ikioza kote, spea utazifunga wapi? Siku fundi akigonga nyundo katikati ya chesisi na nyundo ikazama, nitaiuza mwenyewe, kwa vipande.

Ameshagonga. Imezama sehemu moja, kwenye boriti la nyuma, kando ya ndoano ya tela. Kwingine kote inalia kama kengele. Ametaka laki 6 za kukata na kuchomelea chuma kipya, na nimempa nusu. Ataanza Jumatatu. Baba mdogo, ukitaka kuja kushuhudia karibu sana, ila RAV4 uliyoazima uiache barabara kubwa. Nitakufuata.