Akida Aliye Chini ya Amri



Akida wa Kafarnaumu, mji wa kando ya ziwa kama huu wetu, alimwambia Bwana kwamba naye yu chini ya amri, huku akiwa na askari chini yake (Mt 8). Twaisifu imani yake, twasahau kilichomleta: alikuja kumwombea mtumishi mgonjwa.

Mama mmoja anayekata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja hapa Mwanza alitueleza kwamba mtoto wake alipougua, msimamizi wa zamu alimnyima ruhusa. Tulikasirika. Kisha tukazungumza na msimamizi mwenyewe (wote wawili wameturuhusu kusimulia). “Baba Paroko,” alisema, “samaki wakifika usiku hawangoji asubuhi. Nimepewa tani za kumaliza, sikupewa watu wa akiba. Nikimruhusu mmoja, kazi inalala, na anayeulizwa ni mimi.” Yeye mwenyewe hula na wanawe Dominika tu, tena si kila Dominika.

Hatumtakasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 kazini angalau siku 4 za likizo yenye malipo, mathalani mtoto wake anapougua. Mama yule alidhulumiwa. Lakini sheria hiyohiyo, inayoweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, inawaacha nje ya masharti ya saa za kazi wale wanaosimamia wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Tunamdai huruma mtu ambaye saa zake mwenyewe hazina mpaka.

Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens (1981), alifundisha kwamba nyuma ya mwajiri tunayemwona yuko mwajiri mwingine asiye wa moja kwa moja. Hapa kwetu yumo hata mnunuzi wa ng’ambo anayetaka minofu yake kwa tarehe fulani. Kwa hiyo hatuwaombi wenye viwanda semina za upole kwa wasimamizi. Wawape watu wa akiba katika kila zamu, na mamlaka ya kutia sahihi ruhusa bila kumpigia bosi simu usiku wa manane.

Nasi parokiani tuna hatia. Msimamizi huyo ni mjumbe wa kamati yetu ya ujenzi, nasi humwita kikaoni Dominika alasiri, saa zilezile zilizowabakia wanawe. Kuanzia mwezi ujao kikao kitafanyika mara tu baada ya Misa ya kwanza, kwa nusu saa.