KONA YA MWALIMU: Aliyekosa michezo ya nyumbani kwao

Mwezi huu naleta habari ya mchezo ambao hapa kambini hatuuchezi, lakini tuusome, unatuhusu.

Watoto wetu wanacheza gololi kila jioni. Basi kule Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, watu wazima wana mchezo unaokaribiana na huo. Wanachezea kwenye uwanja wa nyasi fupi. Mpira mdogo unatangulizwa mbele, halafu kila mtu anaviringisha matufe yake. Tufe linalolala karibu zaidi na ule mpira mdogo ndilo linaloleta pointi. Ugumu ni kwamba tufe limetengenezwa ili likipunguza mwendo lipinde upande mmoja. Ukilenga moja kwa moja, umekosa. Nguvu haisaidii sana, ni jicho, mkono na subira.

Bingwa mmoja wa mchezo huo ni Willie Wood, aliyezaliwa 1938, mtu wa kijiji cha Gifford, si mbali na mji wa Edinburgh. Mwaka 1974 aliichezea Uskoti katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand. Wazee mnaikumbuka, maana ndipo Filbert Bayi wa Tanzania alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Wood akaenda tena 1978, na mwaka 1982 kule Brisbane, Australia, akachukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja.

Mwaka 1986 michezo ikaja Edinburgh, yaani mlangoni kwake. Kumbe hakucheza! Kulikuwa na ubishi kuhusu wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa, naye akabaki nje. Fikiria, sherehe iko kwenu na wewe huingii. Alikuwa na miaka 48. Wengi wangesema, basi, yamekwisha.

Mwaka 1990 alikuwa Auckland, New Zealand, akapata dhahabu katika timu ya watu wanne. Akacheza 1994, akacheza 1998, na 2002 kule Manchester akaingia uwanjani akiwa na miaka 64. Ilikuwa mara yake ya saba.

Kwa nini nasema haya? Nina mwanafunzi wa miaka 19, yuko darasa la sita. Vita na safari vilimla miaka minne. Wadogo darasani wakaanza kumwita "babu", naye akaacha kuja. Nikamfuata nyumbani. Mama yake akaniambia, "Mwalimu, wakati wake umeshapita." Mimi mwenyewe nilimaliza sekondari nimechelewa, lakini siku ile nilikosa jibu.

Kesho yake nikarudi, nikawasimulia wote wawili habari ya Wood. Kijana akauliza swali moja tu, "Hiyo miaka minne alikuwa anafanya nini?" Nikamwambia, nadhani hakuliacha tufe.

Jumatatu alikuja, akakaa nyuma. Kama atadumu, sijui.

Wazazi, naomba mambo mawili. Mwambieni mtoto wako asimcheke mkubwa aliyekaa naye dawati moja. Na kama kwako kuna kijana aliyeacha shule kwa aibu ya umri, mlete, hata asubuhi ya kesho. Nafasi ipo.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.