Mikahawa ya kifahari Marekani: matabishi si mshahara

Katika mikahawa ya kifahari ya Marekani, ile inayojiita ya kisasa, karibu kila kitu kinaelezwa. Menyu inamwambia mgeni karoti zimelimwa shamba gani, kuku amefugwa wapi na samaki amevuliwa katika maji gani. Kwenye baa, glasi moja ya kinywaji cha kuchanganya inaweza kufika dola 20, na mhudumu anataja kila kilichomo. Jambo moja tu halielezwi: mtu aliyeleta sahani na mtu aliyeiosha wanalipwa na nani.

Jibu lake ni aibu. Katika sehemu kubwa ya Marekani, mshahara wa mhudumu hautoki hasa kwa mwenye mkahawa. Unatoka kwa mgeni, kwa njia ya matabishi.

Neno hilo halihitaji maelezo kwa Mkongomani. Lilitoka kwa Wareno, likaingia Kongo, na kila mkaaji wa Bukavu, Lubumbashi au Kinshasa anajua linavyofanya kazi. Mtumishi ambaye mkubwa wake hamlipi vizuri anamtazama mikononi yule aliye mbele yake. Hiyo ndiyo ile inayoitwa Kifungu cha 15: jitafutie. Wageni kutoka nchi tajiri wakiiona Kongo wanaiita rushwa. Kwao wenyewe, wakiwa mezani chini ya taa nzuri, wanaiita desturi.

Ni kweli kwamba matabishi ya mkahawa si kosa mbele ya sheria, na mhudumu hamzuilii mtu njia kama kwenye barriere. Lakini mzizi ni mmoja: mwajiri anauondoa mzigo wake begani na kumtwika mwingine.

Hesabu zenyewe ziko wazi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inasema mshahara wa chini ni dola 7.25 kwa saa, na haujapanda tangu mwaka 2009. Lakini kwa mfanyakazi anayepokea matabishi, mwajiri anaruhusiwa kutoa dola 2.13 tu. Kiasi hicho hakijabadilika tangu mwaka 1991. Dola 5.12 zinazobaki zinahesabiwa kuwa zitatoka mfukoni mwa mgeni. Zisipotimia, ndipo mwajiri anatakiwa kuziongeza. Kwa juma la saa 40, mhudumu anapata dola 85.20 kutoka kwa bosi wake. Bosi anabaki na dola 204.80 ambazo angezilipa kama mtu huyo angekuwa anafagia duka. Zidisha kwa wahudumu 20, halafu kwa majuma yote ya mwaka, ndipo inaonekana nani hasa anapewa matabishi. Ni mwenye mkahawa.

Mgeni naye hajui bei ya kweli ya chakula chake. Chukua mfano wa watu wawili wanaokula New York kwa dola 200. Faktire inaongeza kodi ya 8.875 kwa mia, yaani dola 17.75. Halafu inakuja asilimia 20 ya matabishi, dola 40. Chakula kilichoandikwa dola 200 kimekuwa dola 257.75. Mama anayeuza sambaza sokoni Bukavu akitaja bei moja, halafu akadai nyingine wakati mteja anafungua pochi, soko lote lingemzomea.

Kuna jambo baya zaidi. Mikahawa mingi ya kifahari sasa inaandika kwenye faktire mstari wa "huduma" wa lazima, na mgeni anaamini amemlipa mhudumu. Kwa sheria ya serikali kuu, malipo hayo ya lazima si matabishi. Ni mali ya mkahawa, na mwenyewe anaweza kuyagawa kwa wafanyakazi au kuyaweka mfukoni. Mgeni asiyeuliza hawezi kujua.

Jambo hili linawagusa Wakongomani moja kwa moja. Maelfu ya familia za wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo wamepokelewa Marekani, wengine baada ya miaka mingi kambini Tanzania, Burundi, Rwanda au Uganda. Katika miji kama Lexington, katika jimbo la Kentucky, Kiswahili kinasikika shuleni na kanisani. Mtu ambaye Kiingereza chake bado ni kidogo hapangiwi meza za wageni. Anapelekwa nyuma: kuosha vyombo, kumenya viazi, kusugua masufuria usiku wakati wageni wamerudi nyumbani. Pesa ya minervali inayosubiriwa Uvira au Fizi mara nyingi inatoka kwenye kazi za namna hiyo.

Na huyo wa nyuma matabishi hayamfikii. Pale ambapo mwajiri anatumia ule mshahara wa dola 2.13, kama sheria ya Kentucky inavyoruhusu, hawezi kuwalazimisha wahudumu kugawana matabishi na wapishi au waosha vyombo. Kwa hiyo usiku wa Jumamosi, meza zikiwa zimejaa na baa imefurika, mhudumu wa mbele anaweza kwenda nyumbani na mamia ya dola, lakini aliyeosha sahani zilezile anapata saa zake tu. Jasho ni moja, malipo mawili.

Watetezi wa desturi hii wana hoja zao, na ni lazima zijibiwe.

Wanasema matabishi ni shukrani. Historia inasema vingine. Baada ya utumwa kufutwa Marekani mwaka 1865, kampuni ya mabehewa ya kulala ya Pullman iliajiri watu weusi waliotoka utumwani, ikawalipa kidogo sana na kuwaachia abiria kazi ya kuwajazia. Wamarekani wengi wa wakati ule waliona ni fedheha, na mwaka 1909 jimbo la Washington lilipiga matabishi marufuku, ingawa sheria hiyo haikudumu. Shukrani ya kweli hutolewa juu ya mshahara. Haichukui nafasi yake.

Wanasema pia kwamba mishahara ikilipwa kamili, mikahawa itafungwa. Majimbo saba, yaani California, Oregon, Washington, Nevada, Minnesota, Montana na Alaska, yanamlazimisha mwajiri kutoa mshahara wa chini kamili kabla ya kuhesabu matabishi. San Francisco, Seattle na Las Vegas hazijakosa mikahawa ya kifahari. Huko Ufaransa na Ubelgiji, bei ya menyu tayari ina huduma ndani yake, na watu wanaendelea kula vizuri.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: wahudumu wenyewe wanakataa. Ni kweli. Katika jimbo la Maine, wapiga kura waliamua mwaka 2016 kuondoa mshahara huo mdogo hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata wabunge waliurudisha, baada ya wahudumu wengi kwenda kuwasihi. Massachusetts nayo ilipiga kura ya kukataa mwaka 2024. Mhudumu wa mkahawa wa bei kali anapata vizuri kwa matabishi, na anaogopa kupoteza alicho nacho. Hofu yake inaeleweka. Lakini sheria haitungwi kwa ajili ya meza ya dola 200 peke yake. Dola 2.13 ni ileile kwa mama anayehudumia mayai na kahawa kando ya barabara, ambaye mgeni wake anaacha dola mbili.

Aliyewahi kujaribu njia nyingine ni Danny Meyer, mwenye mikahawa maarufu New York. Mwaka 2015 alianza kuondoa matabishi na kuweka gharama yote ndani ya bei, akianzia The Modern, mkahawa wenye baa ulio ndani ya jumba la makumbusho la MoMA. Moja ya sababu zake ilikuwa kwamba wapishi wa nyuma walikuwa wameachwa mbali na wahudumu wa mbele. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, aliacha, matabishi yakarudi. Wengi wanasema hapo ndipo wazo lilipokufa. Sivyo. Mkahawa mmoja ukiandika bei ya kweli wakati majirani wote wanaandika nusu yake, lazima uonekane ghali. Huo ni ushahidi kwamba kazi hii ni ya sheria. Haiwezi kubebwa na tajiri mmoja mwenye nia njema.

Kwa hiyo Bunge la Marekani lifute dola 2.13. Mwenye mkahawa aandike bei ambayo mshahara wa jikoni na wa mezani umo ndani, na mstari wa "huduma" uonyeshe unakwenda kwa nani. Mgeni aulize kabla ya kulipa. Kuuliza si ubahili. Lakini asimnyime mhudumu matabishi kwa kisingizio cha kupinga mfumo, kwa maana atakayelala njaa si bosi.

Mkongomani aliye kazini huko naye ajue haki yake. Tangu mwaka 2018 sheria inakataza kabisa mwajiri na wasimamizi kujichukulia matabishi ya wafanyakazi. Anayenyang'anywa ana haki ya kulalamika katika Idara ya Kazi ya Marekani.

Na mwenye pesa anayetamani kufungua mkahawa wa namna hiyo Lubumbashi au Kinshasa, aige usafi wa jiko, aige na utaratibu wa kumtaja mkulima kwenye menyu. Lakini asiige mshahara wa kuombaomba. Huo Kongo inao tayari, na watu wameuchoka.