Kumkalisha Mgonjwa wa Kifua Si Huruma

Katika nyumba nyingi za Unguja, mtu akipata ugonjwa sugu wa mapafu huondolewa kazi zote. Maji anachotewa, sokoni Darajani anaendewa. Akiinuka tu, anaambiwa: "Kaa babu, utachoka." Nia ni njema, lakini tendo linamdhuru.

Wengi huamini kwamba pumzi ni akiba, na anayetulia huitunza. Mwili hauko hivyo. Ni kweli kwamba mapafu yaliyoharibiwa na sigara, moshi wa kuni au makovu ya kifua kikuu humfanya mtu atwete: mara nyingi hewa haiwahi kutoka yote kabla ya nyingine kuingia. Lakini misuli ya miguu isiyotumika hudhoofika, na misuli dhaifu hudai hewa nyingi zaidi kwa hatua zile zile. Tukimwona anahema zaidi, tunasema ugonjwa umezidi, tunazidi kumkalisha.

Mwaka 2015, uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, ulikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822. Waliofanyishwa mazoezi chini ya uangalizi walipungukiwa na kuhema, wakatembea mbali zaidi. Wala si habari ya Ulaya peke yake. Uganda, watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu walifanya mazoezi mara mbili kwa wiki, wiki sita. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha nafuu hiyo hiyo. Makovu yalibaki pale pale. Nguvu ndiyo iliyorudi.

"Na akianguka?" Ndiyo maana daktari ampime kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au midomo kugeuka buluu ni sababu ya kusimama na kukimbilia hospitali. Kuhema kwa sababu ya kutembea si sababu hiyo. Atembee mpaka aheme huku akiweza kusema maneno machache, apumzike, aendelee. Mji Mkongwe unamfaa: vichochoro vyenye kivuli, na baraza za kuketi njia nzima.

Kila Januari 1 vikundi vya mazoezi hujaa barabarani Unguja, na mgonjwa wa kifua hubaki mtazamaji. Hospitali zetu, kuanzia Mnazi Mmoja, zimpe darasa lake: mtaalamu wa viungo, ukumbi na viti vinatosha kuanzia. Nasi nyumbani tuache kumtuma mtoto dukani kwa niaba ya babu. Babu aende mwenyewe, na anayempenda afuatane naye.