MAMBO YA NYUMBANI: TAA ZA UDONGO ZA DIWALI

Juma hili nilikusudia kuwaandikia habari za kuhifadhi samli wakati wa joto, lakini jambo lililotokea hapa Sericho limenilazimu kuiweka kando makala hiyo.

Mtoto wa jirani yangu alisoma shuleni habari za Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, akaja kuniuliza taa hizo hutengenezwaje. Nilifurahi sana. Zamani nilipokuwa nikifanya kazi Nairobi nilipanga chumba nyuma ya duka la Mhindi mmoja, na mama wa nyumba ile alinionyesha jinsi ya kuzifinyanga. Basi tulichota udongo kando ya Ewaso Nyiro tukafanya taa kumi na mbili. Nilimweleza mtoto yule kila neno la udongo, ila neno la mafuta nililisahau. Jioni moja, nami nikiwa sipo, alizijaza mafuta ya taa akaziwasha. Moto haukukaa kwenye utambi. Ulienea juu ya mafuta yote, taa moja ikapinduka, mkeka ukashika, na kiganja chake kikaungua. Mama yake aliuzima moto kwa mchanga. Asubuhi alinijia akasema, "Karani, ulimfundisha mwanangu kuwasha, mbona hukumfundisha kuzuia?" Sikuwa na jibu. Mkono unapona, alhamdulillahi, kama wasemavyo majirani zangu, lakini kosa ni langu, na ndiyo sababu naandika.

Kwanza tuijue sikukuu yenyewe. Diwali huangukia mwezi wa Oktoba au Novemba, usiku wa mwezi mwandamo ambapo mbingu ni giza tupu, na kwa hiyo taa ndogo huonekana kutoka mbali. Katika mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Oktoba. Wahindu wengi husimulia kwamba Rama, mwana wa mfalme, alirudi katika mji wa Ayodhya baada ya miaka kumi na minne ya kufukuzwa, na watu wakamwashia taa njiani. Wajaini huadhimisha siku hiyo kwa ajili ya mwalimu wao Mahavira, na Masingasinga hukumbuka kufunguliwa kwa Guru Hargobind kutoka kifungoni. Kati ya Wagujarati kuna desturi ambayo sisi makarani yatupasa kuistahi: mwenye duka hufunga daftari zake za mwaka, hufungua mpya, na kuziombea baraka kabla ya kuandika hesabu ya kwanza. Laiti daftari zetu za ofisini zingefungwa kwa heshima kama hiyo!

Watu hawa si wageni kwetu. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walibaki, na wafanyabiashara wengine wakaja kufungua maduka hata katika miji midogo ya bara. Sheria ya Kenya huwapa Wahindu siku ya Diwali kuwa ya mapumziko, na mwaka 2017 Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi.

Sasa udongo. Chukua ule unaonata, kisha ujaribu kwa kuuviringisha uwe kamba nene kama kalamu na kuizungusha kidoleni. Ikipasuka, udongo huo haufai, tafuta mwingine. Uloweke, toa mawe na mizizi, ukande kama unga wa chapati, na uchanganye mchanga laini, fungu moja kwa mafungu manne ya udongo, ili usipasuke motoni. Fanya donge la kadiri ya ndimu, bonyeza kidole gumba katikati, zungusha huku ukiminya kingo mpaka uwe bakuli ndogo, kisha bana ukingo mahali pamoja ufanye mdomo wa utambi. Ukitaka mapambo, yachore kwa kijiti kabla haijakauka, au uipake chokaa na rangi baada ya kuichoma, upande wa nje tu.

Hapo kwenye kukausha ndipo Sericho inapotushinda, maana upepo wetu hukausha ngozi ya mtu, seuze udongo. Taa tatu za kwanza zilipasuka katika saa moja. Ziweke kivulini chini ya gunia lenye unyevu, siku nne au tano, ukizigeuza kila siku. Kisha chimba shimo, uzipange juu ya samadi kavu na kuni, uanze kwa moto mdogo ili maji yaliyobaki yatoke polepole, ndipo uuzidishe. Usiziguse mpaka asubuhi. Wafugaji wa huku wamezoea vyombo vya maziwa vya kusokotwa kuliko vyungu, na wazee walikuja kututazama wakicheka, ati karani anapika matope. Asiyepata udongo mzuri aweza kutumia unga wa ngano uliokandwa mgumu. Taa ya unga hutumika usiku mmoja tu, lakini Wahindu wenyewe huifanya.

Taa ya udongo iliyochomwa hunywa mafuta. Kwa hiyo iloweke katika maji saa kadhaa, ifute, iache ikauke juujuu, ndipo uitie mafuta. Utambi ni pamba safi iliyosokotwa kati ya viganja, nyembamba, ncha moja ikitokeza kidogo mdomoni. Mafuta hupanda katika nyuzi zake kama maji yapandavyo katika kitambaa, na kinachowaka ni yale yaliyofika ncha.

Hapo ndipo tofauti ya mafuta ilipo. Mafuta ya kupikia, ya simsim, ya nazi au samli hayashiki moto mpaka yapate joto la karibu nyuzi 300, na kwa hiyo yale yaliyomo bakulini hutulia wakati utambi ukiwaka. Mafuta ya taa huweza kutoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzi 38 hivi, na mchana wa Sericho hupita nyuzi 35 bila shida yoyote. Koroboi ina mfuniko na tundu jembamba la utambi, lakini taa ya Diwali iko wazi kama kisahani. Mafuta ya taa yasitiwe humo hata tone, wala petroli, wala mchanganyiko wa mafuta hayo na ya kupikia.

Weka taa juu ya sinia la mchanga, mbali na mikeka, makuti, mapazia na kanga za watoto, wala usiiache bila mtu mzima. Mafuta yakishika moto usimwagie maji, bali funika kwa sufuria au mwaga mchanga. Mtu akiungua, mwagie mahali hapo maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha umpeleke zahanati. Najua maji ni adimu huku, lakini dumu la siku hiyo ndilo kazi yake. Samli, asali na dawa ya meno zisipakwe juu ya jeraha.

Baba wa mtoto aliniuliza kama si dhambi kwa Mwislamu kufinyanga taa ya Wahindu. Nilimjibu kwamba mimi ni karani tu, neno la dini amwulize sheikh. Alikwenda. Sheikh alimwambia kwamba bakuli la udongo ni bakuli la udongo, ila mafuta ya kupikia yasipotezwe wakati watu wana njaa. Neno hilo nalikubali. Kijiko kimoja cha mezani huwaka saa moja na zaidi, na katika nyumba yenye upungufu yafaa kubaki jikoni.

Taa nane zimesalia. Mtoto ameomba ajaribu tena bandeji ikitolewa, na mama yake amekubali kwa sharti kwamba chupa ya mafuta itashikwa na karani.