Gari lililopimwa na barabara za nchi tatu

KAMPALA. Mnunuzi wa gari lililotumika katika yadi za Nakawa hufungua boneti, husikiliza injini, hutazama kilomita ambazo haziamini, kisha huuliza mwaka. Mwaka ndio unaoamua. Tangu sheria ya 2018, Uganda haipokei gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Ng'ambo ya Busia, Kenya inakomea miaka 8. Ukivuka Mutukula, Tanzania hailikatai gari kwa uzee, ila hulitoza ushuru wa ziada.

Kanda hii iliwahi kuwa na kipimo kingine. Mbio za East African Safari, zilizoanza 1953, zilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi zilifanyika Pasaka, masika yakiwa yamegeuza barabara kuwa tope. Magari mengi hayakufika mwisho. Datsun ilifika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600 SSS. 1971 akarudia kwa 240Z, akifuatwa na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Mwaka 1973 Mehta alilingana pointi za adhabu na Harry Källström, naye pia akiwa ndani ya Datsun, na ushindi akapewa Mehta. Kati ya 1979 na 1982 akashinda mara nne mfululizo, zote kwa Datsun.

Uganda haikufaidi sifa hiyo. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, na Mehta akawa dereva wa Kenya. Mbio zenyewe zikajifungia ndani ya Kenya katikati ya miaka ya 1970, na 1977 Jumuiya ya kwanza ikavunjika.

Kilichobaki ni imani. Kweli, gari la mashindano liliandaliwa kwa namna ambayo la dukani halikuandaliwa, na watengenezaji walijua kulitangaza. Lakini mfanyabiashara aliyeliona likitoka kwenye tope la Uganda na vumbi la Kenya hakuhitaji kuuliza lilizaliwa lini. Imani hiyo ilisaidia kuwafungulia Wajapani soko ambalo hadi leo linalisha mafundi wa Kisekka.

Serikali zina sababu za kuweka umri: moshi, ajali, nchi kugeuzwa jalala. Hoja hizo ni nzito. Ila umri hauzijibu vizuri. Gari la miaka 7 lililogongwa, likapakwa rangi na kurudishwa nyuma kilomita, hupita. La miaka 16 lililotunzwa hukataliwa. Na mwenye duka la vipuri anayehudumia wateja wa Kampala, Kisumu na Bukoba analazimika kuweka akiba kwa ajili ya masoko matatu, ilhali Umoja wa Forodha ulianza 2005.

Jumuiya ingeanza na jambo dogo: cheti kimoja cha ukaguzi wa breki, chasisi, usukani na moshi, kitolewe na kituo chochote kilichoidhinishwa, kiheshimiwe Busia, Malaba na Mutukula bila ukaguzi mwingine. Umri ubaki sehemu ya kodi kama nchi itapenda. Asiyekuwa na cheti gari lake lisubiri mpakani, hata liwe la mwaka jana.